Bi Mwalimu Anajibu: Nipo orodha ya akiba, nithibitishe kwengine au ningoje?

SWALI

Bi Mwalimu shikamoo. Mie ni msichana wa miaka 19, nipo Wete, nimemaliza fomu siksi mwaka huu, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na matokeo yangu alhamdulillah si mabaya. Toka nipo darasa la tano nasema nitakuwa daktari na mtaa mzima unajua, hata watoto wananiita dokta. Kuna chuo kimoja Dar ndo nlikuwa nakitaka, naomba usikitaje. Niliomba udaktari hapo, na chuo kengine nikaomba uuguzi kwa sababu kaka yangu alinambia usiweke matumaini pahala pamoja. Majina yalipotoka uuguzi nimechaguliwa, kule kwengine nikifungua akaunti yangu imeandikwa nna sifa lakini nafasi zimejaa na jina langu limo kwenye orodha ya akiba. Sasa imekuja meseji ya kuthibitisha uuguzi na siku zilobaki si nyingi. Nikithibitisha naogopa ndo nimejifungia udaktari, nisipothibitisha naogopa nitakosa vyote viwili. Usiku silali, naifungua akaunti mpaka bando linakwisha, asubuhi naanza tena. Wenzangu kwenye grupu la skuli wanaposti barua zao za kuitwa chuo, nawapa hongera halafu nalia. Juzi harusini shangazi kaniuliza mbele za watu, "umepata chuo gani?", nikamwambia majina hayajatoka bado. Nimemdanganya. Baba anasema atauza karafuu anisomeshe popote, mama anasema nisubiri tu. Nifanye nini?

Mngojaji, Wete

JIBU

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza kwa matokeo yako, maana barua nzima hujajipongeza hata mara moja na PCB si kombi ya mchezo.

Nianze na lile la haraka kwa sababu siku zako zinahesabika, mengine tutazungumza baadae. Kesho asubuhi ofisi zikifunguliwa tu kipigie simu hicho chuo, ofisi ya udahili khasa, usimpigie mhadhiri unaemjua wala mtoto wa jirani anaesoma pale. Uliza hivi: orodha yenu ya akiba ina namba au ni majina tu yamewekwa pamoja? Kama ina namba, mie ni wa ngapi, na mwaka jana mliita mpaka wa ngapi? Na mwisho wa kuita watu ni lini? Andika majibu kwenye karatasi na jina la aliekujibu. Mtu wa tano na mtu wa mia na tano wote wanaambiwa wapo akiba, lakini hawapo pahala pamoja hata kidogo, na wewe mpaka saa hii hujui upo upande gani, ndo maana usiku hulali.

Wakikwambia upo juu juu na wanaanza kuita kabla ya siku yako ya mwisho ya kuthibitisha, ngoja mpaka siku hiyo hiyo lakini usiipitishe. Wakikwambia hawajui, au wakakuzungusha, au simu isipokelewe kabisa, basi thibitisha uuguzi. Nakwambia waziwazi. Nafasi ulokuwa nayo mkononi usiiwache ipite kwa ajili ya orodha ambayo hujui umesimama wapi.

Sasa kuhusu huo mlango unaoogopa kufungiwa. Ukithibitisha chuo kimoja, mfumo unakuhesabu wa huko, na chuo kengine hakiwezi kukuchukua mpaka kwanza uuondoe uthibitisho wako. Kuuondoa kunawezekana muda wa udahili ukiwa bado haujafungwa, na unaanzia kwenye akaunti ya chuo kile kile ulichothibitisha. Kwa hivo mlango unarudishwa tu, haupigwi kufuli siku ile. Muda ukishapita ndo inabaki njia ya uhamisho wa chuo kwa chuo, na hiyo ina masharti yake, lazima uwe na sifa za kozi unayoitaka na lazima kule nafasi iwepo. Ukipiga simu waulize na hili, kwamba nikithibitisha kwengine halafu mkaniita nifanye nini, usikie kwa mdomo wao.

Halafu nataka nikueleze hiyo orodha inatokana na nini, kwa sababu nahisi umeshaichukua kama hukumu juu ya akili yako. Mpaka 2017 maombi ya vyuo vikuu yalikuwa yakipita kwenye mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unajaza machaguo yako na unapangiwa pahala pamoja basi. Toka mwaka ule kila mtu anaomba chuoni moja kwa moja na anaomba vyuo vitatu vinne kwa mpigo, kwa hivo mtoto mwenye pointi nyingi anachaguliwa Muhimbili, anachaguliwa Bugando kule Mwanza, anachaguliwa Moshi, anachaguliwa na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hapa kwetu, mtu mmoja kashika viti vinne na ataenda kukaa kimoja tu. TCU ndo inamtaka athibitishe kimoja. Siku anapothibitisha vile vitatu vinabaki wazi, na hapo ndo chuo kinaangalia akiba yake au kinapokea watu wepya kwenye dirisha la pili la maombi. Na viti vyenyewe vya udaktari vina kikomo kila mwaka hata wenye sifa wakiwa chungu nzima, kwa sababu mwanafunzi yule hatoshi kukaa ukumbini akasikiliza, anatakiwa afike wodini asimame kwenye kitanda cha mgonjwa, na wodi haziongezeki kwa sababu mwaka huu watoto wamefaulu sana. Kwa hivo walipokuandikia una sifa lakini nafasi zimejaa, mwanangu, soma yote mawili. Wewe umesoma nusu ya pili tu.

Umeshawahi kusafiri siku mbili kabla ya Idi? Boti imejaa, tiketi hakuna, watu wanaandikwa majina pembeni pale bandarini, na dakika za mwisho kuna waliokata tiketi hawatokei. Anaeitwa akapanda ni yule aliesimama pale na begi lake na kitambulisho mkononi, alierudi nyumbani kulia anaitwa jina na hayupo. Na wewe begi lako liwe tayari. Chuo kikikuita kinaweza kukupa siku chache tu ujibu, na nimeona watoto wameitwa wakaanza kuhangaika na cheti cha kuzaliwa. Kitafute saivi. Kama unaomba mkopo bodi ya Muungano inataka cheti kiwe kimehakikiwa, kwetu ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, usingojee wiki ya mwisho wakati watu wamejaa. Matokeo yako yachapishe steshenari, picha ndogo za pasipoti piga, karatasi zote ziskani uziweke kwenye simu na kwenye barua pepe yako pia maana simu zinaanguka baharini. Na laini ya simu ulojazia fomu usiibadilishe wala usimpe mdogo wako achezee, meseji ya chuo inakuja kwenye namba ile ile.

Jengine, waandikie. Barua pepe moja fupi kwa ofisi ya udahili, kwa Kiingereza chepesi, aya moja inatosha: jina lako kamili kama lilivo kwenye cheti, namba yako ya mtihani, kozi uloomba, kwamba umeona upo akiba na bado unaitaka nafasi ile, na kwamba ukiitwa utakwenda. Kama kuna jambo jipya ambalo hawakuwa nalo ulipoomba, litaje. Usiandike kwamba utakufa ukikosa, usiandike habari za baba na karafuu, na usitume kila siku. Moja, halafu basi.

Sasa hebu tuuzungumze uuguzi wenyewe, maana kwenye barua yako umeutaja kama kitu cha kujikinga mvua tu na mie hapo sikukubali. Shahada ya uuguzi ni miaka minne, udaktari ni miaka mitano na juu yake mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi. Ni kazi mbili tofauti. Kabla hujabonyeza chochote nenda hospitali ya Wete, unayo hapo hapo mjini kwenu, mtafute muuguzi mmoja mkubwa umuombe akuzungumzie kazi yake, siku yake inaanzaje, nani anaekuwa na mgonjwa usiku mzima, nani anaejua mwanzo kwamba mgonjwa hali imebadilika. Uliza na daktari pia. Ukirudi nyumbani ujiulize, mie udaktari nnautaka kwa sababu nnaujua au kwa sababu toka darasa la tano naitwa dokta na naona haya kulirudisha jina? Jibu lolote utakalopata ni sawa, lakini lipate.

Kama jibu ni kwamba uuguzi moyo haupo kabisa na ukiingia utakuwa unamchukulia mtu mwengine kiti chake, basi kuna njia nyengine ya kiungwana, usithibitishe na dirisha la pili likifunguliwa uombe udaktari vyuo vyengine ambavyo bado vina nafasi, na SUZA usiisahau, wana skuli ya afya na sayansi za tiba Mbweni na mtu anasoma udaktari bila ya kuvuka bahari kwenda bara. Hii ina hatari, dirisha la pili halina ahadi kwamba udaktari utabaki. Kaa na wazee wako muiangalie hatari hiyo kwa macho mawili kabla hujaichukua. Na kuna ile ya diploma ya utabibu, miaka mitatu, ukitoka na wastani wa alama, GPA, isopungua 3.0 na masharti mengine ya chuo ukiyatimiza unaomba udaktari kwa njia ya diploma, na hao wanapofika mwaka wa kwanza wameshashika wagonjwa wakati wenzao wanaogopa sindano. Ni njia ndefu ndio. Ina watu wazima wengi tu humu hospitalini mwetu waloipita.

Baba yako Mungu amuweke, lakini neno lake la karafuu msilipokee hivi hivi. Mikarafuu haizai sawa kila mwaka, mwaka huu majamvi yamejaa mpaka barabarani, mwakani unakuta mnachuma vikapu viwili vitatu, na ada ya chuo inakuja kila mwaka ile ile. Mkae na kalamu, ada kiasi gani, dahalia kiasi gani, nauli ya Pemba Dar mara ngapi kwa mwaka. Halafu ombeni mkopo mapema, ipo bodi yetu ya Zanzibar, ZHELB, na ipo ile ya Muungano, HESLB, msome masharti ya kila moja mjue ipi inakufaa kwa kozi na chuo chako. Ukija kubadilisha chuo baada ya kuomba mkopo usinyamaze, wapelekee taarifa, kwa sababu pesa zinafuata chuo ulichoandikwa na nimeshuhudia mtoto amekaa miezi anakula kwa wenzake kumbe fungu lake limekwenda chuo ambacho hayupo.

La mwisho ni hili linalokuliza. Hilo grupu la WhatsApp lizime sauti, usitoke maana wenzako wataulizana, lizime tu na ufungue unapojisikia. Akaunti ya chuo ifungue asubuhi mara moja, baada ya hapo simu mpe mama. Mambo yale hayabadiliki saa nane za usiku, hakuna karani alokaa ofisini saa hizo. Usiku uwe wa kulala na wa kuomba, sali istikhara yako, umuombe Mola na uwe umeshapiga simu. Na shangazi yako mrudie, usimuwache na lile neno la harusini, mwambie, "Shangazi, nimechaguliwa uuguzi, udaktari nipo akiba nangojea jibu." Sentensi moja, haina uongo na haina aibu ndani yake. Akiendelea kuuliza mwambie akuombee dua. Huyo shangazi pengine ndo atakaekupokea Dar au atakaekuchangia nauli, na wewe umeanza kumkimbia.

Niandikie ukishapiga simu. Nataka kujua wamekwambia wa ngapi.

SWALI

Assalamu alaykum mwalimu. Mwanangu wa kiume yupo kwenye akiba chuo kimoja bara. Kuna kijana hapa Darajani kaja kwangu kwa heshima kabisa, anasema ana mtu wake ndani ya ofisi na nikitoa laki nane jina linapandishwa. Kanionesha na picha kwenye simu za watoto aliowaingiza. Mtoto ana hamu na mie mzee sitaki aniambie kesho kwamba nlikuwa nnayo pesa nikamnyima. Nitoe?

Baba Mtu, Unguja

JIBU

Waalaykum salaam baba. Usitoe hata shilingi.

Huyo ni kishoka, na kazi yao inafanikiwa kwa hesabu nyepesi sana: anachukua pesa kwa wazazi kumi walio na watoto kwenye akiba, anakaa kimya, baadhi ya watoto wanaitwa wenyewe kwa sababu nafasi zimefunguka, hao ndo anaowapiga picha. Waliokosa anawazungushia simu. Hakuna alichokifanya ofisini, na pengine hiyo ofisi hajawahi kuikanyaga. Na tuseme kweli ana mtu ndani, basi ndo hatari zaidi, kwa sababu majina ya udahili yanapelekwa TCU yakaguliwe na mtoto alieingizwa bila ya sifa au nje ya utaratibu anaweza kukwama hapo, au akaja kutolewa ameshaanza masomo, wewe laki nane huna na mtoto mwaka wake umepotea.

Pesa halali ya chuo inalipwa kwa namba ya malipo inayotoka kwenye akaunti ya muombaji mwenyewe, sio kwenye laini ya simu ya kijana wa Darajani. Ikiwa keshakuchukulia namba ya mtihani ya mwanao au neno la siri la akaunti, mwambie mwanao abadilishe neno la siri leo kabla ya magharibi, maana kuna wanaothibitisha chuo kwa niaba ya mtoto bila yeye kujua na kumrudisha inakuwa kazi kubwa.

Na kwa mwanao, baba, ukae nae umwambie kwa nini hukutoa. Hizo laki nane mwambie zipo, ni nauli yake na godoro lake siku akiitwa, popote atakapoitwa. Mtoto akijua baba yake ana nia nae hataona amenyimwa.

SWALI

Mwalimu vipi hali. Mie nipo Chake, niliomba ufadhili wa kusoma Uturuki nikafika mpaka intavyuu, jibu limekuja nimewekwa akiba. SUZA pia wamenichukua kompyuta na masomo yanakaribia kuanza. Rafiki zangu wananambia nisiende Tunguu, kwenye kampasi ya SUZA, nikae nyumbani nisubiri Uturuki kwa sababu ukishaanza chuo huku utavunjika moyo wa kwenda.

Wa Chake

JIBU

Nzuri mwanangu. Nenda Tunguu.

Rafiki zako hawatokulipia mwaka utakaopotea. Kwenye ufadhili akiba inategemea wangapi waliochaguliwa wamekataa au wameshindwa kusafiri, na hilo wewe huna mkono nalo. Ukiitwa ukiwa umeshaanza SUZA unaandika barua ya kuacha masomo unaondoka, na ulichojifunza kwenye kompyuta hakuna atakaekupokonya uwanja wa ndege. Na ujue wanafunzi wengi wa ufadhili ule mwaka wa mwanzo wanausoma Kituruki tu kabla hawajaanza kozi, kwa hivo hata ukienda kule shahada yenyewe haianzi siku unayoshuka. Kama lugha unaitaka kweli anza nayo saivi usiku baada ya vipindi, masomo ya bure yamejaa intaneti.

Usipoitwa, maombi ya mwakani kwa kawaida yanafunguliwa Januari. Soma masharti yao ya mwaka huo vizuri kuhusu mtu alieanza chuo tayari, na ukiomba tena omba ukiwa na matokeo ya muhula wa kwanza mkononi. Pasipoti yako iangalie tarehe ya mwisho leo, nimekujua kwa barua yako tu kwamba hujaiangalia.